Bampa Imelala Sabato

Ijumaa, usiku

Ijulikane kwa wakazi wote wa Kiogoro kwamba bampa ya gari la shemeji imeanza kushika Sabato leo. Imefungiwa kibandani kwa fundi Ombati. Gari lenyewe liko hapa uani, mdomo wazi, na kesho ndilo la kubeba maharusi.

Shemeji, bwana harusi mwenyewe, alituachia tulioshe na kulipamba. Nikiliingiza uani, nikagusa nguzo ya lango. Ufa mdogo tu!

Karakana kubwa ya mjini ilitaka ninunue bampa mpya. Ombati alisema ataishona hii kwa waya na kuipiga rangi, kwa bei nafuu. Nafuu haikunitosha. Nikakalia tairi kuukuu nikibishana naye tangu mchana mpaka vivuli vikarefuka, na nikashinda. Nilijiona mwerevu sana.

Alipomaliza tu kuifungua bampa garini, akatazama magharibi, akaanza kunawa mikono.

“Mkubwa, jua limetua. Njoo Jumapili.”

“Fundi, si lile pale juu ya kilima!”

“Hilo lililobaki ni la Wakatoliki.”

Wenzake wakacheka. Nikamwomba basi anipe bampa hivyo hivyo, na ufa wake. “Kufungua kufuli pia ni kazi,” akasema, na kufuli ya kibanda ilikuwa imeshafungwa.

Nimwambie nini shemeji? Kwamba niliokoa pesa za…

Moraa, mke wangu, dada wa bwana harusi, amekaa na mfuko wa riboni magotini.

Riboni hufungwa kwenye bampa.