Fimbo za Mzee Maige

Shamsa, jirani yangu Wilhelmina anaapa kwamba Mzee Maige alisafiri Jumamosi. Eti alimwona pale kituoni Usagara, begi la fimbo za gofu begani, akampungia mkono.

Sasa sikia. Leo Obedi wangu kaitwa na bosi wake, yule ambaye yeye Obedi humbebea fimbo uwanjani, amsaidie kuchagua fimbo nyingine za chuma, za zamani zimekwisha. Muuzaji kaleta seti nzima, hadi zile fupi za kutolea mpira mchangani.

Obedi kashika moja tu, akaitambua. Mshikio umezungushiwa mpira wa baiskeli. Mpira wa baiskeli, Shamsa! Obedi mwenyewe ndiye aliyeuzungushia, kwa sababu Mzee Maige hana dole gumba.

Akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Muuzaji ni Khalidi, yule mpangaji wa mzee. Kacheka. "Huyo hachezi tena, kaka. We chagua."

Hachezi tena!

Wewe umepakana na mzee hapo Butimba. Kamgongee mlango, uniambie kama kaitika.

Shamsa, subiri, usigonge! Obedi anasema Khalidi kashapanda bodaboda, anarudi huko.

Mbona umesoma na hujibu? Rudi ndani kwako, uniandikie hata neno moja.

Shamsa?