Nyongeza Yetu ya Unyevu

Jumatatu, 4 Novemba
Joto lile lile. Kipimamvua kikavu, nimeandika sifuri. Puto la kupima hewa halirushwi; mtambo wa gesi ya kulijaza bado umekufa na fundi bado "yuko njiani". Kwa hiyo hewa ya juu ya Tabora tunaijua kwa setilaiti tu.

Wenye setilaiti wametuma tangazo. Wamebadilisha mipangilio ya vipokezi. Zamani vilikuwa vikiyapoteza mawimbi kabla hayajafika karibu na ardhi, na hewa ya chini ikionekana kavu kuliko ilivyo. Sasa vinayafuata hadi chini. Bwana Seif, mkuu wetu wa kituo, amelisoma tangazo kwa sauti kisha akaagiza vitumbua. Nimekula kuliko wenzangu.

Nyumbani wifi yangu ameniuliza tena kazi yangu ni nini hasa. Nimemwambia setilaiti moja inasikiliza mawimbi ya nyingine inayozama nyuma ya ukingo wa dunia. Mawimbi yakipita hewani yanapinda, na kadiri yanavyopinda ndivyo tunavyojua joto na unyevu. Akasema, "Haya, na mvua inanyesha lini?" Swali la haki.

Jumatano, 6 Novemba
Chati imejaa unyevu. Sijawahi kuona mwanzo wa Novemba wa namna hii. Data mpya tumeziingiza kwenye jedwali letu la kompyuta kama kawaida, jedwali likakokotoa, likatoa mvua za kupandia ndani ya siku chache. Bwana Seif amesaini taarifa akiwa amesimama.

Kaka Petro amepiga simu kutoka kijijini Kigwa. Miche yake ya tumbaku imefika kimo, inataka kutoka kitaluni. Kila mwaka hapandikizi mpaka aniulize. Majirani humtania kwamba ana redio yake mwenyewe, haihitaji betri. Nimemwambia asubiri taarifa ya kesho. Nilishajua itasema nini.

Alhamisi, 7 Novemba
Taarifa imesomwa baada ya habari za mchana. Nimeisoma mimi. Petro hakungoja nimalize. Ameingia shambani leo leo, yeye, mkewe, watoto, hata mama yetu na mgongo wake ule. Wanahamisha miche yote. Tumbaku ndiyo mwaka wao mzima. Ningemwambia abakize kidogo kitaluni. Sikumwambia.

Jumamosi, 9 Novemba
Vijiwingu adhuhuri. Alasiri havipo. Vumbi la mtaa wetu wa Ipuli limeingia mpaka kwenye sufuria. Chati bado inasema mvua. Naiamini chati.

Jumatatu, 11 Novemba
Kavu.

Petro amepiga. Miche imelala juu ya matuta. Wanabeba maji ya kisima kwa baiskeli, asubuhi na jioni, na kisima nacho kimeanza kutoa tope. Hakunilaumu. Ameuliza tu, "Mdogo wangu, mvua imechelewa au imeghairi?" Nimesema imechelewa. Nilipokata simu nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Watu wa redio wanatupigia kutwa. Bwana Seif amewajibu kwamba mvua ni ya Mungu. Wiki iliyopita ilikuwa yake.

Jumanne, 12 Novemba
Fundi amefika kweli. Mtambo umewaka, tumerusha puto asubuhi. Limepanda bila tatizo. Kipimo kinasema hewa ni kavu. Chati yetu inasema imejaa unyevu. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili.

Nikajua ni ile mipangilio mipya. Nikaanza kuwaandikia wenye setilaiti, kwa ukali, kwamba wameharibu kitu kizuri. Kabla sijatuma nikafungua data zao kama zilivyotufikia, kabla hazijapita kwenye jedwali letu. Zinakubaliana na puto. Karibu kabisa.

Kosa ni letu. Enzi zile data zilipokuwa zikija kavu, Bwana Seif alizilinganisha na maputo yetu, akaweka nyongeza ya unyevu ndani ya jedwali. Ilikuwa kazi nzuri, na ilisaidia. Tumeizoea mpaka tumesahau kwamba ipo. Sasa wenzetu wamerekebisha kwao, na sisi tumeendelea kurekebisha kwetu. Mboga moja, wapishi wawili, kila mmoja ametia chumvi. Tangazo tulilisoma wote na hakuna aliyekumbuka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimempigia Petro kabla ya kumwambia mkuu. Nimemwambia mvua haiji karibuni, tumekosea sisi. Akauliza, "Basi tuache kubeba maji?"

Jumatano, 13 Novemba
Bwana Seif alitaka taarifa mpya iseme hali ya hewa imebadilika. Nimemwambia, kwa heshima zote, haikubadilika. Alinuna. Akafunga mlango wa ofisi yake. Alipotoka aliketi kwenye kompyuta yangu, akaitafuta nyongeza yake, akaitazama muda mrefu. Akaifuta mwenyewe.

"Nenda kasome," akaniambia. "Sema ni sisi."

Nimesema ni sisi. Mtangazaji alinitazama kama niliyekwenda kujishtaki polisi.

Jumamosi, 16 Novemba
Nimekwenda Kigwa. Nimemwamkia kaka, ameitika marahaba, tumekwenda moja kwa moja shambani. Matuta yamenyooka, kazi safi kabisa, na juu yake miche imekauka, ukiigusa inavunjika. Michache ya upande wa kisima bado hai. Nililia. Petro akageuka kando mpaka nikamaliza.

Jirani yake, Kasanda, ana kitalu kizima, kijani. Si kwamba alijua lolote. Alikuwa msibani Kaliua siku nilipotangaza, akarudi amechelewa na akakuta wenzake wanalia. Miche yake imezidi shamba lake, atampa Petro inayobaki. Haitatosha, lakini msimu haujafa wote.

Mama amenifungia viazi vikavu vya kurudi navyo, kama mgeni. Petro amenisindikiza mpaka barabarani. Sikutaka kuuliza, nikauliza: kwa nini hukubakiza hata kidogo?

"Ungekuwa wewe ni mtu baki ningebakiza," akasema.

Alhamisi, 28 Novemba
Data, puto na jedwali sasa vinasema kitu kimoja. Taarifa ya jana ilisema mvua ni leo au kesho. Bwana Seif aliisoma yote, ameketi, ndipo akasaini. Petro hakupiga simu kuuliza. Nilikaa na simu karibu kutwa nzima ya jana.

Leo mchana wingu lilitanda upande wa mashariki. Hapa mjini hakuna tone. Nimeandika sifuri. Nikiwa nafunga ofisi, ujumbe wa Petro umeingia: imenyesha Kigwa, amechimba kwa mkono na unyevu umefika chini, wanaanza kupandikiza ile miche ya Kasanda.

Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia. Inauma. Taarifa yetu safari hii ilikuwa sahihi, na hakuihitaji.

Nimemjibu: asante kwa kunijulisha, kaka. Ilianza saa ngapi?