Programu Uliyonichagulia, Dada

Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 18 Mei.

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikufikie huko uliko na zikukute mzima. Vipi mgongo, na ile baridi uliyosema inakuingia mpaka kwenye meno? Wewe na shemeji mnaonana siku hizi, au zamu za kazi bado zinawapishanisha mlangoni? Sisi tu wazima. Kidoti anajigeuza mwenyewe kitandani, na jino moja linachungulia. Baba yake anasema linanichungulia mimi.

Sasa dada, salamu zimekwisha. Nina hasira na wewe. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Juzi uliandika kwenye grupu la familia, mbele ya mama na mjomba na watoto wote wa mama mdogo, kwamba nimekuwa mvivu. Eti ile programu ya mazoezi uliyoniwekea inakuonyesha sijagusa zoezi hata moja kwa wiki kumi na moja. Mjomba naye, si unamjua, akadakia kwamba naumuka kama unga uliotiwa hamira. Watu wakacheka. Na mimi nikaandika ha ha, kisha nikaenda kufua nepi huku nalia.

Nilikaa kimya muda wote huu kwa kukuheshimu. Wewe ni mkubwa wangu, na simu ni zawadi yako. Lakini kimya kimenishinda.

Simu ilipofika, Kidoti alikuwa na wiki saba, na mshono wangu wa upasuaji ulikuwa bado unavuta nikipiga chafya. Wewe ulishajaza kila kitu kwenye programu. Nilifurahi, nikasema dada kaninyooshea njia. Kumbe ulijaza majibu yako: umri wako, kwamba hujawahi kuzaa, kwamba unapenda kukimbia. Na pale panapouliza lengo, ukaandika kupunguza kilo kumi na mbili kwa wiki nane. Dada, kilo hizo nani alikutuma?

Nami na shule yangu ya kuokoteza nikaona simu haiwezi kukosea. Nikaruka. Yule mwanamke wa kwenye kioo cha simu anapiga kelele kama anafukuza kuku, nami naruka, mpaka jirani wa chini akawa anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Ikaniambia jioni nile yai moja na tango, wakati nanyonyesha! Siku ya tisa niliinama kuchukua beseni, tumbo likachoma, nikakaa sakafuni. Kidoti alikuwa analia hapo hapo kitandani, na sikuweza kumnyanyua. Baba yake alitukuta hivyo, kila mmoja analia kwake.

Nesi wa kliniki alinipapasa tumbo, akasema misuli ya katikati haijafungana tangu nizae. Akaomba simu. Akasoma, akashusha miwani.

"Hii ni ya nani?"

Nikamwambia ni yangu.

"Mwenye majibu haya hajazaa, mama. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Tangu nizae, watu wote waliniambia niweje. Hakuna aliyeniuliza nataka nini.

Nataka kazi yangu, dada. Pale kwa dobi mashine ziko chini na kamba za kuanikia ziko juu ya paa. Ngazi ni hamsini na sita, na tenga la shuka mbichi linakuvuta mabega mpaka unahisi umefupika. Msimamizi alikubali kunitunzia nafasi mpaka Kidoti atimize miezi mitano, siku moja ikizidi anampa mwingine. Sikutaka kiuno cha nyigu. Nilitaka kubeba tenga.

Nesi akanipumzisha wiki mbili, akasema baada ya hapo nichague programu mwenyewe, kwa kusoma maswali yake kwanza kabla ya picha zake. Tukakaa mimi na Baba Kidoti, tukafungua moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilitaka niwe na vyuma vya kunyanyua. Chuma changu mimi ni pasi. Ya pili ilinionyesha tumbo la mwanamume, nikaifunga. Ya tatu ikaniuliza nimezaa lini, kwa njia gani, naumwa wapi, na nataka kuweza kufanya nini. Baba Kidoti akasema, "Hii ina adabu." Tukaichukua hiyo. Ni dakika kumi tu, haili bando, na wiki ya kwanza nzima nilikuwa nimelala chali najifunza kupumua. Nesi aliiangalia, akaikubali. Ukiniona ungesema ni uvivu. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake.

Ijumaa, Kidoti akiwa amebakiza siku tatu kutimiza miezi mitano, nilikwenda kwa dobi. Niligawa tenga mara mbili kama nesi alivyonielekeza. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena. Msimamizi alinitazama amekunja mikono, akasema wenzangu hupanda mara moja. Nikamjibu kwamba shuka zote ziko kwenye kamba na saa nne bado. Akaniambia Jumatatu nije saa moja kamili.

Huyo ndiye mvivu wako.

Programu yako nimeifuta. Sasa naomba uandike kwenye grupu lile lile, mbele ya wale wale, kwamba ulikosea. Ukitaka kujua naendeleaje, piga simu uniulize, kisha nyamaza nikujibu. Nitakujibu vizuri, dada. Nina mengi ya kukwambia, na mengi ni mazuri.

Msalimie shemeji. Mama anakusalimu, na mama mdogo na wanawe wote. Mjomba anakusalimu pia. Mimi na yeye bado. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe usingizi usio na wasiwasi juu yetu.

Wako akupendaye, hata leo,
Mdogo wako,
Mama Kidoti