Kwa Binti Yetu Penseli, wa Chumba cha Kanda

Leo mwaka umetimia, Penseli, tangu tulipokutoa chumba cha uani tukakulaza barazani, na kinyozi wa mtaani kwetu akakupepea kwa kipande cha boksi mpaka mkono wake ukafa ganzi.

Baba yako alitaka tuweke picha yako na mistari mitatu, basi. Mama yako amekataa. Kasema akipewa nafasi ataijaza yote, maana haya ya leo si ya kukulilia tu. Wapo watoto wa watu ambao saa hizi wanaziba matundu ya hewa kwa matambara ili wimbo utoke safi, na mama zao wanapita nje wakinyata. Hao ndio anaotaka wasome. Yeye aliishia shule ya msingi, kwa hiyo palipokosewa mtamsamehe. Lakini alichokiona alikiona.

Kwanza wakujue.

Jina la Penseli ulipewa na wenzako kwa sababu penseli haikukutoka sikioni. Redio ya mtu ikimeza kanda, alikuja kwako. Ulichomeka penseli kwenye tundu la kaseti ukaizungusha polepole, ulimi nje, mpaka mkanda wote umerudi ndani. Hukumfukuza mtu. Hata yule jirani aliyekuwa akitulalamikia makelele, kanda yake ilipokwama ulimtengenezea, ukamrudishia na salamu juu.

Kazi yako ilikuwa duka la fotokopi. Karatasi zilizoharibika upande mmoja ulikuja nazo nyumbani, ukazikata kwa mkasi wa mama yako wa kushonea (uliufanya butu, ulijua, ukajitia hamnazo) ukatengeneza vifuniko vya kaseti. Mbele umechora gitaa na jina la kundi kwa mkono. Nyuma mtu anakuta nusu ya barua ya mwenzake anayeomba kazi ya udereva. Wanaozikusanya kanda zako mpaka leo wanabishana yule dereva aliipata kazi au hakuipata.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za watu ambao redio haiwataki. Mafundi wa kuchomelea vyuma waliotunga wimbo wa mwenye nyumba wao. Dada wawili wa kiwanda cha sabuni waliomwimba msimamizi wao bila kumtaja, na kiwanda kizima kikamjua. Na Ndoo, ambaye mchana ni fundi wa kupaka rangi, anayepiga ndoo tatu tupu za rangi kama ngoma, na ndiyo asili ya jina lake. Hakuna aliyekuwa na studio. Walikuja kwako, wakaizunguka maikrofoni moja, wakaimba mara moja toka mwanzo mpaka mwisho. Halafu wewe ukakaa na redio yako ya kaseti mbili ukitoa nakala, moja baada ya nyingine, sitini kwa kila kundi. Hakuna duka lililoziuza. Zilikwenda mkono kwa mkono.

Kaseti mpya hukuwa nazo. Ulikusanya kuukuu za watu, ukaziba vile vitundu vya juu kwa gundi ya karatasi ili zikubali kurekodi tena. Ya mjomba wako ilipita humo humo.

"Penseli, kanda ya harusi yangu iko wapi?"

"Ipo, mjomba. Ila sasa ina nyimbo."

"Na hotuba ya baba mkwe?"

"Mwishoni imebaki kidogo. Anawashukuru watu wa viti."

Mjomba alinuna wiki nzima. Wiki ya pili akaja kuomba nakala mbili.

Mama yako alikuwa mtu wa hofu, na wewe ulimtania kwa hilo. Aliogopa polisi. Aliogopa wavulana wanaoingia na kutoka. Aliogopa masikio yako yataharibika kwa zile spika za kuvaa kichwani. Aliogopa kila kitu isipokuwa kile kilichokuja.

Baba yako ni mlinzi wa usiku, mchana analala. Ndiyo maana chumba cha uani kilizibwa. Ulibandika trei za mayai ukutani, ukasimamisha magodoro mawili ya zamani, moja mlangoni, moja juu ya ule ukuta unaokitenga chumba na stoo, usiofika darini. Yakabaki matundu ya hewa, kumi na mawili. Mama yako mwenyewe alikaa kwenye cherehani akashona vizibo kumi na viwili kwa vipande vya sare za shule, akavijaza pamba, kila kimoja na namba yake kwa uzi mweupe. Ulimkumbatia. Ulisema hakuna fundi wa muziki duniani mwenye mama kama huyu. Alitembea siku hiyo kichwa juu.

Akashona na kile kitambaa chekundu. Kikining'inia kwenye kitasa, ujue wanarekodi. Hakuna kugonga, hakuna kuita, hakuna kukokota ndoo uani, kwa sababu mlio mmoja unaharibu wimbo na wote wanaanza upya. Nyumba nzima tuliishika sheria hiyo. Hata baba yako aliupitia mlango ule viatu mkononi.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa mchana. Walikuwepo Ndoo na wale dada wawili wa sabuni, na upande wa kwanza wa kanda yao ulibaki wimbo mmoja umalizike. Umeme ukakatika. Mkaazima jenereta ya kinyozi, mkaiwasha uani, lakini mngurumo ukaingia kwenye kanda. Mkaihamishia nyuma ya nyumba, bado. Ndipo mkaiingiza stoo na kufunga mlango wa stoo, na waya mkaupitisha chini. Ukasikiliza kwa zile za kichwani, ukainua dole gumba. Kimya safi. Mama yako aliyaona yote hayo akiwa anapinda suruali ya mtu, na akafurahi kwamba mmepata njia.

Godoro lile la juu ya ukuta linazuia sauti. Halizuii moshi.

Wimbo ukarekodiwa, mara moja tu, mzuri. Wenzako wakatoka wanajishika vichwa. Mmoja wa wale dada akasema, "Hii ni njaa, tukanunue mkate." Wewe ukabaki. Ilikuwa desturi yako kujifungia peke yako mwishoni uitangaze kanda kwa sauti yako: upande wa kwanza, kundi fulani, nyimbo kadhaa. Ulisema na wewe kichwa kinakuuma kidogo. Ukatia vizibo, ukaning'iniza kitambaa, ukafunga komeo.

Mama yako akaja na kikombe cha chai. Akakiona kitambaa. Akasimama, akasikia jenereta inanguruma huko ndani ya stoo, akajua mtoto yuko kazini. Akarudi. Hata cherehani akaiacha, asije akasikika.

Dada wale walikwenda kwao. Ndoo alirudi na mkate, akakaa kwenye ngazi karibu na mama yako.

"Shikamoo, mama," akanong'ona. "Bado tu?"

"Marahaba. Kitambaa hicho hapo."

"Huyo akikosea neno moja anaanza upya. Tutazeeka hapa."

"Kichwa chako je?"

"Kimepoa nilipofika tu barabarani. Njaa mbaya, mama."

"Si ule sasa huo mkate?"

"Nile kabla yake? Atanitangaza kwenye kanda, nchi nzima ijue."

Wakacheka, mama yako amejiziba mdomo kwa kanga. Walicheka, Penseli. Mama yako anaandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwenye kusoma asidhani kwamba siku kama hiyo inakuja imevaa sura yake.

Chai ilipoa. Ikapita saa nzima na zaidi. Kisha jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika. Petroli imekwisha.

"Sasa hivi anatoka anatukana," Ndoo akasema.

Hukutoka.

Mama yako akaenda mlangoni. Akagonga kwa ukucha. Kwa ukucha, hata hapo, kwa kukiheshimu kile kitambaa. Akagonga kwa kiganja. Akaita. Ndoo akamsogeza kando akapiga bega mara tatu, komeo likang'oka.

Ulikuwa umekaa mezani, spika kichwani, shavu juu ya mkono. Mama yako alidhani umesinzia. Neno la kwanza alilokuambia lilikuwa, "Amka mwanangu, kanda imeisha."

Daktari alitueleza taratibu, akarudia. Moshi wa jenereta una sumu isiyoonekana wala kunuka. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa. Kwanza kichwa kinauma, kisha unachoka, kisha unalala. Mama yako akamwambia, "Mimi nilidhani moshi mbaya ni ule unaotoa machozi." Daktari akasema wengi wanadhani hivyo.

Basi, wazazi, na ninyi mnaorekodi vyumbani: jenereta ikae nje kabisa, mbali na dirisha na mlango, hata kama mvua inanyesha, hata kama kanda itanguruma. Stoo si nje. Baraza lililozungushiwa turubai si nje. Vichwa vikiwauma wote kwa pamoja, hiyo si njaa. Tokeni, na asibaki mtu nyuma kumalizia.

Mwezi wa tatu baada ya kukuzika, wenzako walikuja kuomba ufunguo wa chumba. Walitaka kanda iliyobaki mashineni, na mahali pa kuendelea. Mama yako aliuvaa ufunguo ule shingoni. Aliwapa kisogo, akaendelea kushona. Alifikiri akikifunga chumba, mambo yameisha.

Hayakuisha. Mwezi wa kumi na moja kinyozi akamwambia kwamba wamepata kontena tupu nyuma ya karakana ya wachomeleaji, wamelitandika mazulia juu na chini. Mama yako aliacha nguo ya mteja chini ya sindano akaenda. Akakuta mlango wa chuma umefungwa, jenereta iko nje, ndiyo, lakini chini ya lile tundu moja tu la kontena, bomba lake limeelekea humo humo. Akaokota jiwe.

"Nani huyo! Tunarekodi!"

"Najua. Tokeni."

"Mama, umetuharibia, tulikuwa tunamalizia!"

"Ndoo, nimesema tokeni."

Wakatoka mmoja mmoja wakipepesa macho kwenye jua. Dada mdogo wa wale wawili alikuwa ameshika paji la uso.

"Kichwa?" mama yako akamuuliza.

"Kidogo tu, mama. Nadhani ni njaa."

Mama yako alikaa chini palepale kwenye vumbi, na ikabidi wao ndio wamwinue. Alipopata pumzi akauvua ufunguo shingoni. Akamwambia Ndoo, "Kama lazima mfanye, mtafanyia kwangu. Nikiwaona."

Baba yako alivitoa vizibo vyote kumi na viwili, na matundu mawili akayapanua kwa nyundo yakawa madirisha. Godoro la juu ya ukuta akalishusha. Mama yako alimuuliza atalalaje mchana. Akasema, "Nitalala hivyohivyo." Jenereta sasa inakaa nje ya uzio, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, hatua ishirini, kinyozi alizihesabu mwenyewe. Mlango hauna komeo. Na kila wimbo, mama yako anaingia katikati, anahesabu watu, anatoka.

Kanda yenu imetoka wiki hii, nakala sitini. Upande wa kwanza unamalizika na ule wimbo uliourekodi siku ile, na mwishoni sauti yako unaitangaza, vizuri, bila kukosea neno. Upande wa pili ni mpya. Tukuambie ukweli, si safi. Jenereta inasikika kwa mbali. Baba yako anakohoa. Katika wimbo wa tatu mlango unagongwa, na sauti ya Ndoo inasema, "Tupo, mama, wote watatu," ndoo zinaendelea.

Wewe usingekubali. Ungeufuta, uwaambie waanze upya. Mama yako anajua hilo, na amewakataza wasiufute.

Wanaokukumbuka ni baba yako, mama yako mshonaji, dada yako mkubwa na mumewe, shangazi yako, mjomba wako na kipande chake cha hotuba, bibi yako, ambaye bado anauliza utarudi lini kazini, jirani wa ukuta wa pili, kinyozi, wenzako wa duka la fotokopi, Ndoo na dada wawili wa kiwanda cha sabuni, na wote wenye kanda zako majumbani.

Siku zote tuko nawe moyoni, binti yetu. Hatukusahau, wala hatutaki kusahau.