Udongo Uliouchoma

Baba, kamwene.

Miche ya misonobari imeshika. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu ulikufa ukiamini una mkono mbaya. Kitalu kile kile cha njia ya Makambako, walikokufukuza, sasa ni kijani mpaka kinaudhi. Mimi ndiye ninayepalilia, maana wadogo zangu lazima wale.

Unakumbuka yale magunia ya udongo yaliyotoka chini ya misonobari mikubwa ya misheni? Yule Mzungu, Bwana Miti, aliyashusha, akasema, "Changanya kwenye matuta," akapanda gari akaenda zake. Wewe ukauona udongo umejaa nyuzi nyeupe, ukasema ni ukungu, utaua miche. Ukauchoma, kama tunavyochoma udongo wa shamba la ulezi, ukiugeuza kwa jembe huku moshi unakutoa machozi. Jioni ulirudi nyumbani umefurahi. Naikumbuka furaha ile, Baba, na inaniuma kuliko kifo chako.

Miche ikawa njano, ikafa. Bwana Miti akakuita mharibifu mbele ya vibarua wote. Ulipolala na kichomi hukutaka hata dawa.

Sasa yupo Bwana Miti mwingine. Juzi aling'oa mche, akatuonyesha mizizi. Ncha zake ni fupi, nene, zimegawanyika mbili mbili, na kila ncha imevaa kuvu kama soksi. Kuvu hiyo ndiyo zile nyuzi nyeupe. Kwa nje zinatambaa udongoni kuutafutia mti maji na chakula. Kwa ndani zinapita katikati ya chembechembe za mzizi bila kuzivunja, na mti unazilipa kwa sukari ya majani yake. Bila hizo msonobari haukui huku kwetu. Ni maneno machache tu, Baba. Yule wa kwanza angeweza kuyasema kabla hajapanda gari.

Halafu huyu wa sasa akawasimulia wageni aliokuja nao habari za mzee mmoja aliyekaanga udongo kama karanga. Wakacheka. Vibarua wenzangu wakatazama chini, nami nikaendelea kung'oa magugu.

Lala, Baba. Mkono wako haukuwa na ubaya. Akirudia hadithi ile nitasimama nimtajie jina lako, nimwambie ulipewa kazi bila kuambiwa ni ya nini. Najua nitafukuzwa, na wadogo zangu watalala njaa. Lakini wao watakuwa wameambiwa kwa nini.

Binti yako,
Elina