Mashine ya Abo na Majina Kumi

Abo,

Asalaam aleikum huko uliko, baba yangu. Nakuandikia kwa Kiswahili ili mama, Hoyo wangu, akiiokota karatasi hii asijue yaliyomo. Tena wewe mwenyewe ulisema Kiswahili ni lugha ya ofisi na mashine. Hata ile mashine yako ya kahawa uliiongelesha hivyo: "Bole bole, mama, hakuna haraka." Herufi p ilikushinda mpaka mwisho.

Mimi nina haraka, Abo. Tangu tukuzike sijui kukaa. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa, natoka dukani bila nilichokifuata, na nikisimama kidogo tu nautafuta tena ufagio.

Sasa Abdi mwanao kanizidishia. Amepata mtu wa Nairobi anayekusanya mashine za zamani, na Jumamosi anakuja kuichukua yako. "Walaal, dada yangu, hakuna anayejua kuitumia. Ni chuma tu," aliniambia. Ameleta nyingine ya kubonyeza. Inanguruma, kikombe kinajaa kabla hujapata kijiko. Kahawa yake si mbaya, nisiseme uongo. Lakini mikono haina la kufanya, na mimi mikono ndiyo inayonisumbua. Nikamwomba aniachie mpaka Ijumaa: nikitoa kikombe ambacho Hoyo atakimaliza, yako haitoki jikoni. Alicheka, akakubali.

Ulipoileta kutoka Kismayu imeviringishwa kwenye mkeka, majirani, watu wa chai ya maziwa ya ngamia, walidhani ni pampu ya kisima. Haina kitufe cha kahawa. Unauvuta ule mkono wa chuma chini, unaushikilia mpaka kahawa ilowane maji, halafu unauachia taratibu, springi iupandishe huku ikikamua. Ukitulia unaihisi kahawa kiganjani, unajua kama imesagwa sawa. Nadhani hicho ndicho ulichokipenda. Nyumba nzima hii hakuna kingine kilichokujibu hivyo, sisi wanao tukiwemo.

Jumatatu nilitoa maji ya rangi ya mchanga. Jumanne niliuachia mkono mapema, ukaruka ukanipiga kidevuni, na bado kimevimba. Jumatano Hoyo alipiga funda moja akarudisha kikombe. Alhamisi aliniita chumbani anakokalia eda na nguo zake nyeupe. "Unaachia haraka," alisema. "Baba yako alikuwa akitaja wazee wake. Akifika kwa wa mwisho, ndipo anaachia."

Kumbe ndicho ulichokuwa ukinong'ona. Nilidhani ni dua. Jina lako, la baba yako, la babu yako, mpaka tisa, yale yale uliyotaka niyakariri utotoni nami nikifika la nne nakimbilia kucheza. Hoyo anayajua yote. Alinifundisha mchana kutwa, akinicheka kila nilipomzalisha mjukuu kabla ya babu.

Leo Ijumaa, baada ya kuswali alfajiri, nilivuta. Ukoo huanza na anayeutaja, kwa hiyo nilianza na Hodan. Kisha jina la pili, lako, Yusuf, na hapo nikakwama. Abo, nimekuita Abo maisha yangu yote. Sijawahi kukutaja hivyo, umepangwa mstari mmoja na watu waliokufa. Nililia huku nimeung'ang'ania ule mkono, maana ningeuachia ungenipiga tena. Nikaendelea. Gedi. Shire. Warsame. Mpaka wa kumi.

Hoyo alikimaliza kikombe, akasema sukari ilikuwa kidogo. Abdi amempigia yule mtu asije.

Wanangu, nikijaliwa, watataja ukoo wa baba yao, ndiyo desturi. Lakini kahawa wataivuta kwa majina yako, huyo baba akasirike akitaka.

Mungu akupanulie kaburi, Abo wangu, akutie nuru. Nami nakuahidi hili: kila asubuhi nitakutaja, na nikifika kwako sitaharakisha.

Binti yako,
Hodan