Trei ya Mayai na Mtungi wa Mzee Gao

Shangazi Sui-kim wa redio, shikamoo, naomba msaada, mimi ambaye hapa mjini Hsinchu kompyuta zikiniona zinasimama kwa heshima, shule nilitoroka kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha, lakini tangu jana meno yananigongana. Kampuni yetu inapeleka mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa majumbani. Asubuhi majina yanatoka hospitalini kwa mtandao, na msimbo, yaani maagizo ya programu, wa kuyapokea hauandikwi na mtu, unaandikwa na mashine, nayo inayapanga kwenye safu, na safu, Shangazi, ni trei ya mayai, ikijaa huongezi hata la kware, wakati sisi tunataka orodha inayoongezeka, maana wengine wanapiga simu mchana. Mimi bingwa nikaufungua ule msimbo, nikageuza safu kuwa orodha kwa mkono, nikatamba. Juzi hospitali ikabadilisha namna ya kutuma majina, mashine ikaandika upya, kazi yangu yote ikafutika, programu ikawa inazimika kila jina likiongezwa. Meneja Tseng akachungulia juu ya seva, ile kompyuta kuu, akakuta pakiti ya kijani ya bisi, ambayo kwa desturi ya huku huwekwa juu ya mashine ili itulie, imepita tarehe.

“Nani kaiacha hii? Mashine imenuna!”

“Mimi, bosi, nilisahau,” akasema Dada Bi-lian, mpokea simu wetu.

“Sahau tena, utasahau na mshahara!”

Nami nikamtania, “Dada, hata bisi zimekuchoka!”

Ikawekwa mpya, programu ikatulia, watu wakapiga makofi. Jana mke wa Mzee Gao, mgonjwa wetu wa mlimani, kapiga simu analia, “Mwanangu, mtungi uko wapi?” Dada Bi-lian anaapa jina aliliingiza. Kesho kimbunga kinaingia, njia za mlimani zitafungwa, na sijui nani mwingine kadondoka kwenye orodha. Shangazi, si bisi. Ni mimi niliyeiamuru programu juzi ileile, ikikosea imeze kosa, inyamaze, na jina lisiloingia linapotea bila mtu kujua.

A-hong

Wewe bingwa A-hong, sikusubiri kipindi changu cha redio, nakujibu sasa hivi. Woga wako ni wa haki, usiupoze. Mzee wa watu anahesabu pumzi, wewe unaniandikia mimi! Inuka, mwambie Meneja Tseng maneno yaleyale ya mwisho ya barua yako. Dada Bi-lian awapigie wote waliopiga simu tangu juzi, na magari yatoke kabla ya upepo, la Mzee Gao kwanza. Kisha toa hicho kitambaa ulichoizibia programu mdomo, iache ipige kelele. Na msimbo wa mashine usiuguse tena, mwanangu, ulikuwa unapaka rangi kivuli. Mpwa wangu wa kazi hiyohiyo anasema kwenye mipangilio ya mashine yenyewe pana pa kuchagua, safu au orodha. Chagua hapo, hata ikiandika upya mara mia itaandika orodha. Dada Bi-lian umwombe radhi mbele ya wote waliozipigia bisi makofi. Bisi ziacheni hapo juu, hazina kosa.

Nenda. Dirisha langu limeshaanza kugongwa na upepo.